Mkono wa Mama Maria

Mwezi wa rozari, sanamu ya Mama Maria ya jumuiya yetu huhama nyumba hadi nyumba. Familia inaipokea jioni, inasali nayo, na kesho yake jumuiya inakuja kuivusha kwa jirani. Mwaka nilioolewa huku Kariandusi, niliiangusha nikipanguza meza. Mkono wa kulia ukavunjika.

Mimi na ujuaji wangu! Nilichukua ule unga mweupe wa mgodini ambao mume wangu alirudi nao kwenye nguo kila siku, nikauchanganya na gundi, nikabandika mkono. Ulionekana mzima kabisa. Jioni nikaikabidhi kwa jirani yangu, mama wa makamo, nikiimba kuliko wote.

Kesho yake jumuiya ilipokwenda kuichukua, mkono ulidondoka mlangoni mwake. Mwenyekiti akasema kuvunja ni bahati mbaya, lakini kuficha ni dharau. Watu wote wakamtazama yule jirani. Nami nikamtazama.

Hakujitetea. Wakaacha kumpangia zamu, naye akaacha kuja. Mumewe alipofariki, waliokwenda kuzika walikuwa wachache. Mimi nilisema naumwa. Uongo, niliogopa uso wake.

Miaka tisa niliungama hasira, uvivu na masengenyo, ile ya sanamu nikairuka. Kwaresima hii niliitoa yote, nikilia mpaka padre akaninyamazisha. Aliniondolea dhambi, kisha akanipa malipizi: "Enda umwambie huyo mama mwenyewe. Halafu uwaambie jumuiya." Nilikuwa nimetumaini Salamu Maria kumi.

Nilimkuta uani akipepeta maharagwe. Nikapiga magoti, nikasema kila kitu. Ungo haukusimama.

"Nilijua," akasema. "Siku ile uliponipatia sanamu, gundi ilikuwa bado mbichi. Ilinishika kidole."

Nilihisi aibu hadi masikioni. "Sasa mbona hukusema, mama?"

"Ulikuwa bibi arusi, mgeni hapa. Wangekumaliza. Nikaona wacha ningoje, utakuja mwenyewe."

"Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe siku hiyo hiyo." Akapuliza makapi, akaokota jiwe dogo, akalitupa. Mikono yake ilikuwa imezeeka kuliko nilivyoikumbuka. "Lakini siku tulimzika mzee, niliangalia njia sana. Nikajiambia, leo hata iwe nini, huyo msichana hawezi kosa kuja."