Muhuri wa Hosaka Uliopigwa Kichwa Chini

Hosaka ni mtu wa kuudhi. Kila Jumamosi huja kwangu na mfuko wa matunda, huuweka mlangoni, huinama mpaka nachoka mimi, kisha huuliza hali ya mkono wangu. Mkono ulioungua ni wangu, lakini ukimtazama usoni utadhani aliyeungua ni yeye.

Sisi ni mafundi umeme wa kiwanda cha valvu hapa Hikone, huu mwaka wa kumi na tisa. Kuchagua vipimo vya umeme ni kazi yake, na hakuna anayemfikia. Muuzaji akija na kipimo kipya, wengine hutazama bei. Hosaka huvaa miwani, hukigeuza, hutafuta namba ndogo ya Kirumi iliyochapwa karibu na matundu ya waya.

"Volti mia sita kila mtu anaandika," husema. "Mimi nataka kujua kitahimili wapi."

Namba hiyo ndiyo uhai wa fundi. Mbili ni kwa mashine inayochomekwa ukutani. Nne ni kwa kabati kuu, pale umeme unapoingia kutoka kwenye transfoma, ambapo ukiruka ghafla unaweza kukilipua kipimo mkononi mwako. Volti ni zile zile, kishindo sicho.

Mwaka jana alipendekeza vyenye nne. Mkuu wetu, Ushijima, akafuta, akaandika vyenye mbili kwa kuwa ni bei nafuu, akaizungusha karatasi idara nzima, kila mtu apige muhuri wake mwekundu wa jina kwenye kisanduku chake, kuonyesha amekubali. Hosaka akaupiga wake kichwa chini. Kwetu hiyo ni namna ya kusema sikubali bila kufungua mdomo. Ushijima aliuona, akacheka.

"We Hosaka, siku hizi unalewa asubuhi?"

Karatasi ikapita.

Machi hii nilifungua kabati kuu, nikachukua kipimo kipya, nikagusisha waya. Namba sikuitazama. Vipimo vya kiwanda huchaguliwa na Hosaka, nani ahangaike? Kikalipuka. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki tena, na vifungo vya blauzi hunifungia mume wangu.

Jumamosi iliyopita, pamoja na matunda, Hosaka alikuja na bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya kuacha kazi.

"Jumatatu naipeleka, dada Inagaki."

"Uende wapi? Ukauze matunda?"

Hakucheka. "Nilijua, nikanyamaza. Muhuri uliopinduka haumwambii mtu kitu. Ningesema kwa mdomo."

Nilijisikia vibaya mpaka nikashindwa kumtazama. Maana kwenye karatasi ile ile, kando ya muhuri wake, upo wangu. Umesimama vizuri, umeinamishwa kidogo kuelekea kisanduku cha mkuu kwa heshima, kama tulivyofundishwa. Nilipiga bila kusoma. Miezi minane nimepokea matunda ya mtu huyu, nimemwacha ainame mlangoni pangu, na kusema kweli nilikuwa nafurahia. Ilikuwa rahisi kuuguza mkono kuliko kukumbuka muhuri ule. Sasa mtu anaacha kazi anayoipenda kuliko chochote, na neno la kumzuia ninalo mimi.

"Hosaka, ngoja," nikasema. "Na mimi nilipiga muhuri. Sikusoma hata mstari mmoja. Kama ni kosa, ni letu sote. Chana hiyo barua."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Karatasi nilikuletea mimi, umesahau? Ulikuwa unakula. Vijiti mkono huu, muhuri mkono huu." Akaonyesha kwa mikono yake, taratibu. "Nilisimama pale mezani. Nilitaka kukwambia, dada, soma kwanza, hiki kitakuumiza. Nikaona si adabu kumkatiza mtu chakula."

Alikuwa amelibeba jambo hilo miezi yote minane, na mimi nilidhani ni muhuri tu. Akainama, chini kuliko siku zote, akarudisha bahasha mfukoni. Nikatafuta neno jingine la kumzuia, sikulipata.