Lete Nikumalizie

Juma lililopita nilikuwa Nguba, mtaa wa Bukavu, tukihamisha vitu vya marehemu Koko, bibi yangu aliyenilea. Nilikuwa nafunga sanduku kwa kamba, na mkono wangu huu unaotetemeka tangu nizaliwe ulikuwa ukihangaika na fundo. Tantine, mdogo wake mama, akanyoosha wake: "Lete nikumalizie." Nikamfokea. Maskini, hakujua. Wewe nitakueleza.

Neno hilo nililisikia kila siku katika darasa letu la watoto wenye ulemavu, huko Ibanda. Mwalimu alikuwa na kitabu cha Ulaya, na ukurasa wa Oktoba ulitaka majani makavu: mekundu, ya kahawia, ya njano. Hebu niambie, Oktoba Bukavu nani ana jani kavu? Mvua inanyesha mpaka blanketi zinanuka ukungu. Lakini kitabu kimesema! Tukatumwa kuokota majani ya avoka na ya migomba, tukayakausha juu ya mbabula, jiko letu la makaa, darasa zima tukikohoa moshi, kisha tukapika gundi ya unga wa muhogo.

Mimi niliipenda kazi ile, nakuambia kweli. Nilibandika ndege wa jani la mgomba. Shingo ilikwenda upande na bawa moja lilizidi lingine, lakini alikuwa ndege. Nilitaka Koko amwone. Kila Jumamosi tulichambua maharagwe pamoja, na ni yeye peke yake ambaye hakunipokonya ungo. Nikiyamwaga, alisema tu: "Okota, mutoto wangu. Hakuna mutu anakufukuza."

Siku moja kabla ya wageni kutembelea darasa, mwalimu alisimama nyuma yangu.

"Bageni batasema nini? Lete nikumalizie."

Hakumalizia chochote. Alimbandua ndege wangu, akatengeneza wake, shingo imenyooka kama rula, akaandika jina langu chini. Wangu alimtupa kwenye mbabula. Nilimwona akishika moto, gundi ikinuka kama ugali ulioungua. Akanimaliza kweli.

Wageni walipiga makofi na picha. Ndege yule akaja nyumbani, na Koko akamtundika sebuleni miaka yote. Kila aliyeingia alionyeshwa: "Angalia mukono wa mujukuu wangu!" Nilinyamaza, mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa kumhurumia. Wanasema mwalimu alikuwa na moyo mzuri. Sawa. Lakini kunisubiri dakika kumi kungempunguzia nini? Hasira hiyo bado ninayo na simwombi mtu radhi.

Sasa darasa lile halipo, ungo sijui uko wapi, na Koko tumemzika. Ndege wa mwalimu bado yupo ukutani, shingo imenyooka. Tantine aliniuliza kama nitambeba, nikakataa. Kazi ya mkono wangu ambayo Koko aliiona ni maharagwe tu, nayo tuliyala.