Kidole Kilicholiwa na Dawa ya Rangi

Kitambaa changu kilikuwa kimetundikwa katika ukumbi wa maonyesho, kimemulikwa taa, na chini yake picha ya wifi yangu akitabasamu. Sijasoma, lakini picha haihitaji shule.

Kwa miaka kumi na minane nilichovya vitambaa nyuma ya nyumba. Wenzangu wote walipaka nta ili rangi isipite. Siku moja nta iliniishia. Nikafumua nyuzi za gunia, nikashona mikunjo ya kitambaa na kuikaza mpaka ikawa migumu kama ngumi, ndipo nikachovya. Nilipozitoa zile nyuzi, mistari myeupe ikajitokeza imepangana kama magamba ya samaki. Hakuna aliyekuwa ameona kitu kama kile. Wifi, dada wa marehemu mume wangu, akawa ananiuzia vitambaa vyangu dukani kwake. Kumbe wateja aliwaambia ni ubunifu wake. Mimi mwenye kazi nikawa wa mwisho kusikia.

Nililalamika. Msimamizi wa maonyesho akatuita ofisini, mimi na wifi.

"Mama, wifi yako kaleta karatasi jana," akasema. "Inasema ulikuwa kibarua wake tu, mtindo ni wake. Na hapa chini umeweka dole gumba."

Karatasi ambazo wifi amewahi kuniletea hazina idadi: za mizigo ya rangi, za duka, sijui za nini. "Weka hapa, wifi, tusichelewe," nami naweka. Kama hii ilikuwa mojawapo, nilikuwa nimejimaliza kwa mkono wangu mwenyewe.

"Tusiaibishane, wifi yangu," wifi akasema kwa ile sauti yake ya msibani. "Nenda nyumbani. Vibarua vya kuchovya nitaendelea kukupa."

"Tulinganishe alama," msimamizi akasema, akanisogezea kisahani cha wino.

Nilificha mkono chini ya meza. Nilijiona nikitoka pale bila kitambaa, bila jina, na kesho nikimwomba kazi yangu mwenyewe. Nikatia dole gumba kwenye wino, nikabonyeza.

Likatoka doa. Doa jeusi tupu, kama tone la rangi lililodondoka sakafuni.

"Rudia, mama."

Nikarudia mara tatu. Doa, doa, doa. Msimamizi akanishika mkono, akaugeuzia dirishani. Ngozi ya vidole vyangu ilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Ile dawa kali ya kushikisha rangi ilikuwa imekula kila mstari, na mimi wala sikuwahi kuangalia. Kwenye karatasi ya wifi, alama ilikuwa na mistari safi ya mtu anayeshika mkasi na pochi.

"Hiki ni kidole cha nani?" akauliza, akikisogeza kisahani upande wa pili.

Wifi akakunja ngumi, akaitia mkobani.

Picha yake waliishusha siku hiyohiyo. Kisha msimamizi akaniletea karatasi nyingine, eti niweke dole ili jina langu liandikwe chini ya kitambaa. Hofu ikanirudia palepale, mbichi.

"Nisomee kwanza," nikamwambia. "Taratibu. Ukimaliza, mwite yule binti wa mapokezi naye anisomee, wewe ukiwa nje."