Swichi ya Gari Nyekundu

Gari yenyewe ilikuwa nyekundu, milango miwili, imelala chini hata ukitaka kuingia lazima ukusanye buibui lako mkononi na ujishushe kama unakaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Mfanyabiashara mmoja wa mjini aliileta kutoka Dubai miaka ya tisini, umeme wake ukamshinda, akamwuzia mume wangu kwa bei rahisi. Mume wangu alikuwa fundi umeme wa magari. Mimi sikuipenda tangu siku ya kwanza, na sikumficha.

Nyumba yetu iko ndani kabisa Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho ukikutana na mtu kabeba godoro lazima mmoja arudi nyuma. Gari haifiki. Kwa hivyo ile nyekundu ikawa inalala Malindi, kule karibu na bandari, na mume wangu akaishonea turubai kwa fundi cherehani, kwa kipimo chake, na masikio ya kufungia. Mimi pazia la chumbani nilikuwa nalingojea tangu Ramadhani. Akisali alasiri, anakwenda kuitazama gari. Akisali isha, anakwenda kuitazama gari. Wenziwe wanakwenda kutazama wagonjwa. Wangu mimi anakwenda kutazama gari.

"Mwenzio kakoga leo, kang'ara!" jirani yangu alikuwa akinitania kutoka dirishani kwake. "Wewe ushakoga?"

Nilikuwa nacheka kwa meno tu. Rohoni nilikuwa nawaka. Wivu wa gari ni wivu wa kipuuzi, najua, lakini mimi nilikuwa na sababu yangu. Tulikuwa tumekaa miaka mingi na hatujajaaliwa mtoto. Mawifi zangu zamani walikuwa wakiniuliza kila wakija, kisha wakaacha kuuliza, na walipoacha ndipo nilipoanza kuogopa. Kitu nilichokiogopa kilikuwa kimoja tu, kwamba mume wangu ataoa mwengine. Basi kila jicho alilolitupa pembeni nililihesabu kuwa limeibiwa kwangu, hata likiwa limetupwa kwenye bati lililopakwa rangi.

Siku moja alirudi nyumbani kanuna. Bampa la mbele limepasuka.

"Breki zimenipeleka kwenye mihogo," alisema, akakaa kwenye ngazi kuvua viatu.

Akanieleza. Gari ile ilikuwa na breki za ABS, zinazoongozwa na kompyuta. Kazi yake kompyuta ni kuzuia magurudumu yasigande. Ukikanyaga breki kwa nguvu, yenyewe inabana na kuachia, inabana na kuachia, na mguu unasikia pedali inatetemeka. Kwenye lami, hasa ikinyesha mvua, ni jambo zuri. Lakini kwenye njia ya kokoto gurudumu linataka ligande ili lijichimbie na kusimama. Kompyuta haitaki. Basi wewe umekanyaga breki mpaka mwisho, na gari inakwenda tu.

Mimi nilimsikiliza huku nakung'uta shati lake, vumbi jeupe linatoka. Nilikuwa nafurahi. Gari imeumia uso, na mimi nilikuwa na raha kama mtu aliyeletewa zawadi. Raha hiyo ndiyo iliyonipumbaza, maana mwanamke mwenye akili zake angemwuliza hapo hapo: mihogo ya wapi? Mjini hapana mihogo iliyopandwa kando ya njia, wala hapana vumbi jeupe la mawe ya pwani. Sikumwuliza. Nilimpa chai.

Jumapili iliyofuata nilimpelekea chakula gereji. Hakuwepo mtu mwengine. Alikuwa kalala chali sakafuni mwa gari, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje, na waya kazitandaza kifuani.

"Umekuja wakati wake," alisema. "Hebu ingia, kaa hapo kwenye usukani unisaidie."

Sijapata kukaa upande ule. Nilikusanya buibui, nikaingia, miguu yangu nikaipitisha juu ya mbavu zake. Alikuwa anatia swichi. Ule waya unaopeleka umeme kwenye breki za kompyuta aliukata, akaupitisha kwenye swichi ndogo nyeusi, ili akitaka kompyuta aipate, na asipoitaka aizime. Kazi yangu mimi ilikuwa kuwasha ufunguo na kumwambia nimeona nini.

"Taa ya manjano imewaka?"

"Imewaka."

"Basi imezimwa kompyuta, hizo ni breki za kawaida. Sasa?"

"Imezimika taa."

"Imerudi kompyuta. Kanyaga breki. Taa za nyuma zinamulika ukutani?"

"Zinamulika."

Nitasema kweli, nilikuwa na furaha. Tulikuwa wawili, tunafanya jambo moja, na ile gari kwa mara ya kwanza ilikuwa katikati yetu bila kututenga. Nikataka mazungumzo yaendelee, nikamwuliza swali ambalo nilidhani ni la kipumbavu.

"Si ungechomoa fyuzi tu, ukifika kwenye kokoto?"

"Nichomoe fyuzi kila siku?" alinijibu kutoka chini.

Nilisikia bisibisi limeacha kuzunguka. Mimi juu, mguu wangu ungali kwenye breki. Yeye chini, hatoi kichwa. Siku zote alikuwa akiniambia anakwenda pwani ya mashariki mara moja moja, kutengeneza jenereta ya nyumba ya wageni. Mara moja moja si kila siku. Na swichi haitiwi gari inayokwenda shamba mara moja moja. Swichi hutiwa na mtu mwenye njia mbili, anayetoka hii akaingia ile, akarudi tena, na kachoka kusimama.

Nikamwambia chakula kinapoa, nikatoka.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilinusa mashati yake. Nikipika naungua, nikishona najichoma. Sikuwa na wivu na gari tena, na niliutamani ule wivu wa mwanzo, maana ulikuwa mwepesi. Nikenda kwa somo yangu, yule mama aliyenifunda nilipoolewa, nikamwaga yote mbele yake nalia.

"Usimwulize," aliniambia. "Ukimwuliza utampa nafasi ya kupanga maneno. Mwambie akupeleke huko huko ukapunge upepo. Wewe kaa kimya umtazame."

Basi nikamwambia. Alibabaika kidogo, lakini angesema nini? Gari ya anasa anayo, na mke wake hajapata kupandishwa zaidi ya Bububu, hapo nje ya mji tu. Nilijifukiza udi, nikavaa buibui langu la hariri, nikakaa kiti cha mbele. Nyuma alikuwa kaweka betri na sanduku la spana, kiti kimebaki cha mtu mmoja, tena mwembamba.

Tulikwenda vizuri. Tukapita msitu wa Jozani, tukafika pwani, tukageuka kwendea Jambiani. Alikuwa ananihadithia mteja mmoja mbishi. Lami ikaisha. Katikati ya maneno yake, bila kutazama, bila kupunguza sauti, mkono wake uliacha usukani, ukashuka chini ya dashibodi, ukabonyeza swichi, ukarudi. Taa ya manjano ikawaka. Hadithi ya mteja haikukatika.

Mimi niliyeiona swichi ile ikitiwa ningelazimika kupapasa. Mkono wake haukupapasa. Ulikuwa umeshaizoea njia ile kuliko unavyoizoea shingo yangu, na hapo roho iliniuma kwa maumivu ambayo sijayasikia tena, hata kwenye misiba.

Tulipoingia kijijini alikaza mwendo, nadhani alitaka tupite moja kwa moja. Hatukupita. Bi mmoja mtu mzima, kanga zake zimerowa mpaka magotini kwa kazi ya mwani, alitoka uani mbio na kusimama njiani kainua mikono. Mume wangu akakanyaga breki. Magurudumu yakaganda, kokoto zikalia, gari ikasimama pale pale, mbali naye. Swichi ilifanya kazi yake barabara.

Yule bi akaja dirishani kwa mume wangu. Kwa haraka yake hakuniona.

"Mungu kakuleta, mkwe wangu! Mkeo tumbo linamkata tangu alfajiri, na gari hapana. Mpeleke hospitali mjini, mimi ntafuata na nguo."

Kisha akaniona. Akashusha macho, akasema pole pole, "Karibu, mwanangu."

Mume wangu alizima gari. Hakunitazama. Mimi nilitazama mbele tu.

Msichana akatoka, kashika kiuno, mimba kubwa imetangulia. Nilimtazama vizuri, kwa sababu nilitaka awe mbaya. Hakuwa mbaya. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa chumvi ya mwani, na nilipoviona nilifurahi kidogo, kisha nikaona haya kwa kufurahi, kisha nikafurahi tena.

"Shikamoo, dada," alisema. Alinijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui.

"Marahaba."

Alijaribu kwenda nyuma. Mlango wa gari ile ukiufungua, lazima uinamishe kiti cha mbele, ujikunje, ujipenyeze. Nilishuka kumpisha. Akainama, tumbo likakataa. Akajaribu upande mwengine, akatoa mguno, akashika paa la gari. Uani watu walikuwa wameshajaa wanatutazama, na wengine wanakuja.

"Kaa mbele," nikamwambia. "Huko hupati kuingia."

Msinisifu kwa hilo. Sikufanya kwa huruma. Mimi mtoto wa mjini, nimenukia udi, sikuweza kugombea kiti cha gari na mwenye mimba mbele ya kijiji kizima. Nikajikunja, nikaingia nyuma, magoti kidevuni, betri ubavuni, na kiti changu kikarudishwa mahali pake na akakikalia yeye.

Mume wangu aliendesha taratibu sana. Kila shimo alilikwepa. Njiani kuja hakuwa akikwepa mashimo. Nilitazama visogo vyao viwili, nikaomba mambo ambayo sitayaandika, kisha nikamwomba Mungu asiniitikie.

Karibu na kufika kwenye lami mbuzi alikatisha njia. Breki tena, magurudumu yakaganda, vumbi likatufunika. Mimi niliruka mbele, paji la uso likagonga mgongo wa kiti hata nikaona nyota. Nilipofungua macho niliona mkono wa kushoto wa mume wangu. Ulikuwa umeshatoka kwenye usukani na umeshafika, umenyooka mbele ya tumbo la yule mwanamke, kiganja wazi, unamzuia asiende mbele.

"Umeumia, dada?" aliniuliza yule msichana, kageuza shingo. "Pole."

Mume wangu hakugeuka. Vumbi lilikuwa linatua, mbuzi keshapita, na mkono bado uko pale. Mimi nilikuwa nimepanda magari mengi pamoja naye, yake na ya wateja wake, siku zote kiti cha mbele, na yalisimama ghafla mara nyingi. Kila mara mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani.