Tela Lililoshushwa Chini

Juzi mama mmoja muuza chipsi alileta tela kuukuu mpaka mlangoni mwa karakana yangu. Anataka nimfufulie, aliweke karibu na hosteli za wanafunzi kule Wandegeya, awauzie chipsi na kuku mpaka wachoke. Nikamwambia sawa, lakini rangi baadaye, kwanza tulivue nguo. Nikang'oa mabati, nikatoa mbao zilizooza, nikafika kwenye fremu tupu juu ya matofali. Hapo nikakaa chini. Fundi mzima, mvi kichwani, nimekaa kwenye vumbi. Yule mama akaniuliza, "Ssebo, bwana, uko mgonjwa?" Nikamwambia ni njaa tu. Haikuwa njaa, rafiki yangu. Sogea nikuambie.

Mimi nimekulia kambi ya polisi, hapa hapa Kampala. Ndiyo maana Kiswahili hiki, lugha ya askari, kimenikaa mdomoni. Wenye mji wakikisikia nyuma yao wanashika mifuko, wanadhani ni askari au ni mwizi. Nyumba yetu ilikuwa kibanda cha bati cha mviringo, kile watu wa kambi walichokiita yunipoti. Mlango mmoja, chumba kimoja, kidirisha cha ukubwa wa sahani. Ndani tulikuwa saba: baba, mama, bibi aliyemzaa baba, dada zangu watatu na mimi. Kitanda cha baba na mama upande huu, pazia la kijani katikati, sisi wengine tumepangwa chini upande ule. Mchana bati lilichemka mpaka mafuta ya kupaka yakawa maji chupani. Asubuhi tarumbeta, jioni tarumbeta. Nje palizungushwa waya, na getini kulikuwa na askari aliyetuuliza kila siku tunakwenda wapi, kana kwamba tulikuwa na pa kwenda.

Desemba ikifika, watu wa mji walijaa mabasi kwenda vijijini kwao. Sisi kwetu ni kaskazini, na kaskazini miaka ile kulikuwa na vita. Bibi mwenyewe alikuwa amekimbia huko na mkeka wake na chungu kimoja cha simsim, ufuta, ya kusaga. Kwa hiyo kwetu kulifungwa, na kambi nayo ilifungwa, na chumba ndicho hicho. Nilikihesabu mara nyingi: hatua nane kutoka mlangoni mpaka ukutani, na bado unamruka mtu.

Sasa lazima uelewe mila yetu, la sivyo hutanielewa. Kwetu mvulana akianza kuwa na sauti nzito, halali tena nyumba moja na wazazi wake. Anajengewa kibanda chake uani, hata kiwe kidogo kama banda la mbuzi, kwa sababu kijana aliyekomaa hapaswi kusikia yaliyo ya baba na mama yake. Akiyasikia ni aibu, na aibu hiyo si ya kijana, ni ya baba aliyeshindwa kumtoa. Mimi sauti yangu ilibadilika nikiwa darasa la saba. Tangu siku ile sikuwa na raha. Nilijifunza kulala na vidole masikioni. Baba alijifunza kukohoa kabla ya kugeuka kitandani. Asubuhi tulikunywa uji bila kutazamana, na mama akawa mkali juu ya vitu vidogo, kijiko, ndoo, kandambili. Nilitamani kutoka mle ndani kuliko nilivyotamani chakula.

Baba alikuwa askari wa cheo cha chini, lakini kabla ya polisi alikuwa fundi chuma, na mikono yake haikusahau. Alikuwa akilinda yadi ya mkandarasi mmoja wa barabara. Kazi ilipokwisha, wakandarasi walipanda ndege wakaacha tela lao la kulalia, lile la kizamani lenye mgongo wa duara, kuku wametagia ndani. Wakamwambia baba achukue kama anaweza kulivuta. Akalivuta. Lori la kambi lilipoliingiza getini, watoto tulilikimbilia, na ubavu mmoja wa bati ukaanguka wenyewe barabarani.

Afande aliyesimamia nyumba za kambi alikuja kuliangalia. Alizunguka mara mbili, akapiga teke gurudumu. "Kujenga hapana," alimwambia baba. "Sheria unajua. Lakini hii iko gari. Bora iko na magurudumu, acha ikae." Baba akapiga saluti. Mimi nilikuwa nyuma yake, na nikaona masikio yake yanacheka. Afande alipoondoka baba akaniambia, "Hicho ndicho kibanda chako. Leta msasa."

Ilituchukua zaidi ya mwaka, Jumamosi na siku zake za mapumziko. Tulilivua lote mpaka fremu. Jirani yetu, mke wa koplo, aliuliza kama tunatengeneza au tunaua. Baba alikuwa na msemo wake: ukianza na rangi, utamaliza na aibu. Alinilaza chini ya fremu na nyundo ndogo, nigonge kila futi na kusikiliza. Chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinanyamaza. Upande wa kushoto ulinyamaza karibu wote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema, na mimi niliinama mpaka kutu ikaniingia machoni. Tulikata palipooza, tukapachika vyuma vya vitanda vya kambi vilivyotupwa, akachomelea mimi nimegeuza uso, harufu ile ya rangi inayoungua ikichanganyika na samaki mkavu wa mama jikoni. Baadaye sakafu ya mbao. Baadaye mbavu za mbao, nazo tulizikunja kwa mvuke wa sufuria ya posho, ugali wetu, na mama hakutusamehe sufuria ile. Baadaye mabati, ribiti moja moja, yeye nje na nyundo, mimi ndani na kipande cha chuma, tunasikilizana bila kuonana. Sijawahi kuongea na baba yangu kama nilivyoongea naye kupitia bati lile.

Mlango tuliuweka uelekee mlango wa mama, kama inavyotakiwa kwetu. Dirisha likapata kioo. Ikabaki chakula cha kwanza. Mila inasema bibi ndiye anayeingia wa kwanza na sahani, mkila pamoja humo, kibanda kimekuwa nyumba. Baba alimwita bibi, bibi akaja na fimbo yake, akainama, akatazama chini ya tela, akarudi zake.

"Ina miguu," alisema. "Nyumba ya mwanamume inakaa chini. Kitu chenye miguu kinaondoka na mtu wake. Mjukuu wangu simpi mimi kwa kitu kinachotembea."

Baba alicheka, akambembeleza, akamweleza habari ya afande na sheria. Bibi alikuwa amewaacha watoto wawili vitani, wametembea hawakurudi. Sheria za afande hazikumwingia. Hakuleta sahani. Na bila sahani mama hakuniruhusu kulala humo, alisema hawezi kumvuka mama mkwe. Basi nikawa na nyumba iliyokamilika, kitasa kinang'aa, na bado ninalala nyuma ya pazia la kijani. Wenzangu shuleni wakaniita mtoto wa mkokoteni. Nilikuwa nikikaa mlangoni mwa tela jioni, miguu inaning'inia, naitazama ile ardhi chini yangu. Ilikuwa kama futi moja na nusu.

Baba akapelekwa kazi ya wiki mbili upande wa Mbuya. Aliniambia, subiri, nitaongea na bibi yako taratibu nikirudi. Sikusubiri. Nilikuwa na akili ya mtoto na hasira ya mtu mzima. Niliazima jeki, nikapanga matofali, nikafungua nati zote za ekseli, zilezile tulizozifunga naye. Nikaivuta nje na magurudumu yake. Kisha nikaondoa matofali moja moja, huku na huku, mpaka tela likakaa juu ya udongo. Nikaukata na mkono wa kuvutia kwa msumeno, kwa sababu ulizuia njia ya mama ya kwenda kwenye kamba ya nguo. Bibi alisimama pale muda wote akiniongoza kwa fimbo. Alikoroga udongo mwenyewe, akasiriba pembeni chini kuzunguka, mikono yake myembamba imejaa tope hadi kwenye viwiko, akiimba. Ekseli nilimpa fundi wa mikokoteni pale nje ya geti, akanipa godoro. Kabla ya jua kuzama alikuwa ameshaikata.

Bibi akaleta sahani. Mtama wa kusonga, mboga za simsim. Tulikula mimi na yeye na dada zangu, magoti yamegusana. Nililala humo usiku kumi na moja. Sitakudanganya, nimelala hoteli baadaye, nimejenga nyumba ya matofali kule Lubaga, lakini usingizi ule sijaupata tena. Nilikuwa nikinyoosha miguu mpaka mwisho.

Siku ya kumi na mbili afande alipita na kijiti chake. Baba alikuwa amerudi asubuhi ile ile, bado na buti miguuni, amesimama akiutazama udongo wa bibi. Afande naye akautazama.

"Nani amekupa ruhusa ya kujenga?"

"Afande, ni lile gari," baba alisema.

"Magurudumu iko wapi?"

Baba alinigeukia. Nilitazama chini. Aliona godoro jipya kupitia mlangoni, akaelewa yote, nikamwona anaelewa. Angeweza kusema, ni huyu mtoto. Yeyote angesema. Alikaza mikono ubavuni akasema, "Nimeyatoa mimi, afande."

Wakampa siku tatu aliondoe tela. Bila ekseli na bila mkono wa kuvutia halikuweza kuvutwa, na wakalifunga mnyororo kwenye trekta wakaliburuta hivyo hivyo. Fremu ilijikunja pale pale tulipounga vyuma vya vitanda. Bibi alikaa ndani na kujifunika shuka kichwani. Mimi nilirudi nyuma ya pazia la kijani na godoro langu, ambalo halikuenea, ikabidi mama alikate robo kwa kisu. Niliona ukuta wa bati umesogea. Niliona sitatoka mle maisha yangu yote, na aliyenifungia ni mimi.

Baba hakunichapa. Afadhali angenichapa. Mwezi uleule akaanza zamu ya usiku, na haikuisha. Zamu za usiku kambini zilikuwa za kupokezana, kila askari alijua, lakini yake ilikuwa ya kila wiki, mwezi hadi mwezi. Anatoka sisi tunakula, anarudi sisi tunakwenda shule, koti lake la mvua linanuka moshi wa mkaa wa walinzi. Mchana analala, na dada zangu wanatembea kwa ncha za vidole. Nilijua maana yake: hataki kuniona. Jumamosi zetu zikafa. Na mimi nikamnunia. Miaka minne nilimnunia. Akinisalimia najibu kwa nusu mdomo, akiniomba nimshikie taa ya baiskeli nasema nina masomo. Nilipopata nafasi chuo cha ufundi niliondoka na begi moja, wala sikumwamsha kumuaga.

Siku hizi hakuna yunipoti pale. Zimebomolewa, wamesimamisha maghorofa, na kila askari ana vyumba vyake na choo ndani. Nilipita mwaka jana nikamwomba mlinzi aniruhusu niangalie tu. Palipokuwa na tela letu wameegesha pikipiki. Bibi alirudishwa kaskazini vita vilipokwisha, akazikwa kwao kama alivyotaka. Vijana wa ukoo wetu hapa mjini wanalala sebuleni kwenye kochi na simu zao, na hakuna bibi anayewauliza sahani ya kwanza iko wapi. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba mimi wanangu wawili niliwajengea kila mmoja chumba cha nje kabla hata hawajaanza shule, na mke wangu alidhani nimechanganyikiwa.

Baba tulimzika kule kwetu, mwezi wa mvua. Matanga yalipokwisha nilikaa na mama kwenye mkeka tukichambua maharagwe, nami nikamwambia lile lililonikaa kifuani tangu utoto: kwamba baba hakunisamehe lile tela, alinikimbia usiku na mchana.

Mama aliacha kuchambua. 

"Baba yako aliliomba mwenyewe lile lindo la usiku," alisema. "Alikwenda kwa afande, akapiga magoti. Mimi nilimlilia asiende, kifua chake kilikuwa kibovu. Akaniambia, mama watoto, mtoto ana haki ya nyumba isiyo na baba ndani. Kama sina pa kumtoa yeye, natoka mimi."

Akarudi kwenye maharagwe yake. Mimi sikuweza. Miaka minne mtu alisimama kwenye baridi na kifua kibovu ili nilale bila aibu, na asubuhi akirudi nilikuwa namnunia.