Ndoo Ambayo Sikuiandika

Kazi zilizonishinda maishani si nyingi. Nimeosha mawe ya shaba ndani ya maji mpaka kucha zikalainika na kung'oka. Nimesukuma baiskeli yenye magunia ya mihogo kutoka upande wa Kasaji, mzigo ukinizidi mimi mwenyewe uzito. Nimenunua lori langu la kwanza nikiwa siwezi hata kusoma maandishi yaliyokuwa ubavuni mwake, na lori hilo likazaa la pili. Zote hizo niliziweza. Kazi iliyokaribia kunishinda ilikuwa kazi ya kulala.

Ndiyo, kulala. Hotelini, kwenye shuka nyeupe, kwa gharama ya mtu mwingine.

Ilianza na magodoro. Kuna mama mmoja mfanyabiashara wa Lubumbashi mwenye hoteli tatu huku kwetu Lualaba: ndogo Kasaji, ya katikati Fungurume, na kubwa ya ghorofa tatu hapa Kolwezi. Lori langu ndilo lililomletea magodoro ya hii ya Kolwezi. Tulipokuwa tunashusha, nilimwambia, "Mama, mlinzi wako ameniacha niingie bila kuniuliza mimi ni nani. Na mule chini, vyumba viwili taa zake zimekufa."

Akaniangalia vizuri. "Tata, ulisoma wapi?"

"Mpaka darasa la tatu, mama. Kisha nikasoma mawe."

Alicheka, lakini hakusahau. Baada ya wiki chache akaniita na kunipa karatasi za Kifaransa zilizojaa visanduku vya kuweka alama. Alitaka nilale katika hoteli zake kama mgeni wa kawaida, niangalie kila kitu, kisha nimpelekee habari. Wafanyakazi wasijue. Masharti yalikuwa mafupi: usiseme wewe ni nani, usigombane na mtu, usijisifu.

Hilo la tatu ndilo lililonipa shida. Wanaonijua wataelewa.

Alisema pia nisimwambie mtu, lakini mke wangu nilimwambia siku ileile. Kolwezi yetu hii, mwanaume akionekana hotelini katika mji anapokaa, habari inafika nyumbani kabla yake. Tena nilimhitaji. Yeye alifundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuingia sokoni, na Kifaransa cha zile karatasi kilikuwa chake, si changu.

Akazisoma kurasa zote, akanitazama. "Tata ya batoto, kama unataka bibi ya pili, sema tu. Usinizungushe na makaratasi."

"Mama, ni kazi."

"Kazi ya kulala? Basi mi niko patroni tangu zamani, weye unalalaka hapa bure."

Lakini alikubali. Tulipanga hivi: nikiwa hotelini nitaingia bafuni, nimtumie sauti kwa simu, naye nyumbani ataweka alama kwenye visanduku.

Watu wakisikia hadithi hii wanadhani nilikuwa nakula maisha. Ngoja nikuambie jasho lake. Unafika, unaanza kuhesabu dakika moyoni mpaka wakupe ufunguo. Unapitisha kidole nyuma ya kabati kutafuta vumbi, na vumbi la kwetu wakati wa kiangazi halitafutwi, linakutafuta. Unaagiza samaki hata kama roho inataka nyama, kwa sababu karatasi imesema samaki. Unasema chakula kimepoa, uone watafanya nini, na kumbe ni cha moto kinakuunguza ulimi. Kisha unajifungia bafuni unanong'ona kama mwizi.

Zaidi ya yote, unanyamaza. Nilikuwa nimevaa koti la zamani na kusema mimi ni mchuuzi wa mihogo kutoka Musumba. Kule Fungurume, meza ya pili, madereva wawili walikuwa wanasifu malori ya mtu fulani wa Kolwezi: hayaharibiki njiani, yanafika siku iliyosemwa. Walikuwa wanasema malori yangu! Nilitafuna ule mkia wa samaki mpaka ukawa unga, sikufungua mdomo. Mungu aliniona siku ile.

Lakini faida yake, bwana, nashukuru mpaka leo. Sizungumzii kile alichonilipa yule mama. Nazungumzia kulala mchana bila mtu kunipigia kelele ya tairi. Nazungumzia kuamka na kukuta mtu amekukaangia mayai na anakuuliza umeamkaje. Mtu aliyeanza kubeba mizigo akiwa mdogo hajui kuhudumiwa. Anadhani vitu vinajipanga vyenyewe. Hotelini nilianza kuwaona wanaovipanga. Niliporudi kwangu nilianza kuwaambia madereva wangu aksanti, nao wakaulizana kama ninaumwa.

Ya Kasaji ilikwenda vizuri, ya Fungurume pia. Kisha ikaja zamu ya Kolwezi, mwezi wa sita, baridi ile ya kwetu inayoingia kupitia miguu. Nilichagua saa ya mchana wenye foleni ya magari ya migodi, watu wote wakiwa na haraka, nikavuta kofia mpaka machoni.

Kijana wa mapokezi alinipokea kwa tabasamu la kufungua mlango. Alikuwa ananipa ufunguo wa chumba cha ghorofa ya tatu, mama mmoja akapita na shuka mikononi, mama wa kufanya usafi wa vyumba, mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani. Akamwambia yule kijana, "Kule juu maji ya moto haitoke. Nilikuambia tangu juzi."

Kijana hakumgeukia. Alinitabasamia mimi. "Itatoka, tata. Karibu sana."

Nilipofika chumbani nikaingia bafuni na kumtumia mke wangu sauti: mapokezi, alama zote, kijana ana meno mazuri na haraka. Kisha nikafungua robine. Nikangoja. Maji yalikuwa baridi kama chuma cha asubuhi. Nikanong'ona tena kwenye simu, "Maji ya moto, hakuna. Weka hapana. Hakuna kabisa."

Mlango ukagongwa.

"Tata, uko sawa?" Alikuwa yule mama wa kitambaa cha kijani. "Nimesikia unasemea maji peke yako."

Nikasema ninasali.

"Basi Mungu amesikia. Ngojea kidogo."

Alirudi na ndoo ya maji ya moto, mvuke unapanda, na jagi la kuchotea. Ngazi za ghorofa tatu, na lifti hoteli ile haina. Alikuwa anahema. Aliniwekea ndoo bafuni, akasema, "Baridi ya mwezi wa sita inavunjaka mifupa ya batu bakubwa," akaenda zake. Asubuhi kabla sijaita, ndoo ya pili ilikuwa mlangoni.

Nilioga, nikajisikia mfalme. Na hapohapo, badala ya kushukuru, nikaanza kufanya ujanja. Maji haya anayatoa wapi? Nikashuka kwa ngazi za nyuma, nikakuta chini yake mbabula, jiko la makaa, limewaka, na sufuria juu. Ndani ya nyumba! Karibu na mashuka! Roho yangu ikaruka kama nimeona jiwe la kijani kibichi, lenye shaba, shimoni. Nikampigia mke wangu.

"Andika: kuna mbabula ndani, chini ya ngazi. Mama wa vyumba njo yeye anaiwasha."

Kisha akauliza, "Hii ya mbabula, niandike kweli?"

"Andika! Patroni ajue niko na macho."

"Na ndoo? Ule mama kukupandishia maji mara mbili, nitaiweka wapi?"

"Karatasi inauliza hiyo?"

"Hapana. Inauliza robine."

"Basi acha."

Alisema tu, "Sawa, tata." Mke wangu akisema sawa kwa sauti ile, mtu mwenye akili anasimama kwanza. Mimi sikusimama.

Siku ya tatu nilikuwa gereji, chini ya lori, simu ikalia. Mwenye hoteli, kutoka Lubumbashi. "Tata, weye uko na macho ya kipanga! Ule mama wa mbabula, ijumaa ninakuja mwenyewe kumutosha ku kazi. Nyumba yangu ikiungua, atanijengea?"

Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate. Kisha nikaona ile ndoo.

Nikamwambia, mama, yule alinisaidia, chombo cha kupasha maji kilikuwa kimekufa, alimwambia kijana wa mapokezi. Akanijibu bila hasira, "Tata, kijana wa mapokezi umemupa alama zote. Ule mama umemuandikia moto. Sasa nisadiki karatasi yako ao mudomo yako?"

Ni mara ya kwanza mtu kunifunga kwa maneno yangu mwenyewe, na hata hayakuwa maandishi ya mkono wangu.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Hakunicheka. Alisema, "Karatasi haina mudomo ya pili. Weye uko nayo. Enda nayo."

Ijumaa nilivaa suti yangu ya bluu, ile ya harusi za watu, nikaenda. Wafanyakazi wote walikuwa wamesimama katika chumba cha kulia. Mwenye hoteli amekaa, karatasi zangu mezani. Mama wa kitambaa cha kijani alikuwa mbele, na begi lake la plastiki tayari mkononi. Alikuwa ameshafunga vitu vyake. Lile begi ndilo lililonisukuma.

Nikasema kwa sauti yangu yote, "Ni mimi niliyeandika."

Mwenye hoteli akafumba macho. "Tata, ukiendelea, kazi yako kwangu imekwisha. Siri ikitoka hairudi."

"Itoke, mama. Mimi njo nililala kule juu. Huyu mama alisema mbele yangu kwamba maji haitoke, na huyu kijana akacheka na mimi badala ya kumusikia. Nilimupa alama za meno. Kosa ni yangu. Mbabula niliiona, ni kweli. Lakini maji yake niliioga mara mbili, na hiyo sikuandika."

Kijana wa mapokezi akaanza, "Patroni, mi sikusikia..."

"Ulisikia," akasema mpishi kutoka nyuma. "Hata mi nilisikia, nikiwa jikoni."

Mwenye hoteli alisimama, akapanda ngazi zote tatu kwa viatu vyake vya kisigino, sisi nyuma yake kama msiba. Akafungua robine ya kile chumba, akaweka mkono chini ya maji na kuuacha pale, muda mrefu, mpaka vidole vikabadilika rangi. Kisha akamgeukia yule mama.

"Makala ya mbabula ulitoa wapi?"

"Kwangu, patroni. Nilikuwa nakuja nayo mu begi, kidogo kidogo. Mugeni akilala na baridi, kesho harudie."

"Mbabula itoke nje, leo. Sitaki kuiona tena ndani ya nyumba yangu." Akakausha mkono. "Na weye, rudisha hiyo begi mahali yake."

Kijana alihamishwa kwenda kufungua lango. Tabasamu lake linafaa pale pia. Chombo kipya cha kupasha maji niliambiwa kimefungwa wiki ileile. Na mimi nikaambiwa, "Tata, umeharibu. Sasa kila mutu anakujua."

"Mama, Kolwezi yote ilikuwa inanijua tangu mbele." Hata yeye alicheka.

Uani yule mama alinifuata. Hakuwa anacheka.

"Ni weye njo uliniandika?"

"Ni mimi."

"Ukiwa umeoga?"

"Nikiwa nimeoga."

"Maji ilikuwa moto?"

"Moto kabisa, mama."

"Tata, suti yako ni ya mutu mukubwa," akasema. Akaniacha nimesimama na nusu ya sentensi aliyoibakiza, ile ya mtu aliye ndani ya suti.

Kwetu msamaha hauombwi kwa mikono mitupu. Jumapili mimi na mke wangu tulikwenda kwake, mtaa wa Manika, na gunia zima la makaa lililoshuka kwenye lori langu kutoka Kasaji, na kuku jike mweupe. Alitukaribisha, akatupa viti, akaweka bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo. Nilimwambia kila kitu, pamoja na ile simu ya ngazi za nyuma, na jinsi mke wangu alivyouliza ndoo ataiandika wapi, nami nikamwambia aache. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilimshukuru kwa ndoo ya kwanza, nikamshukuru kwa ya pili, nikamshukuru hata kwa yale maneno ya suti. Sijawahi kushukuru mtu kwa muda mrefu hivyo, na nakiri ilinipunguzia mzigo kuliko gunia lolote nililowahi kutua.

Watu wananiuliza kama ile kazi ililipa. Nawaambia ililipa, tena sana, ila siyo mfukoni, na kwamba ningeitiwa tena ningekwenda, sharti mke wangu ndiye aseme nini kiandikwe.

Tulipoaga, yule mama alilivuta gunia ndani. Akamshika kuku miguu, akamnyanyua, nikadhani anampeleka nyuma. Hapana. Alimweka mikononi mwa mke wangu.

"Makala ninakamata, ilikuwa yangu," akasema. "Kuku ni ya huyu mama. Yeye njo aliulizia ndoo yangu."

Tukarudi nyumbani kwa miguu, mke wangu mbele na kuku wake kwapani, akisalimia majirani kila mlango, na mimi nyuma.

"Tata," majirani wakauliza, "kuku ni ya nini?"

"Muulizeni yeye," nikasema.

Naye akawaeleza wote.