Utani wa Kwenye Karatasi

Miaka ile maduka ya Songea yalipoanza kujaa tena sabuni za kunukia na redio za kaseti, kila ukoo ulikuwa na mtu wake wa Dar es Salaam na mtu wake wa kubaki nyumbani. Wa kubaki kwetu nilikuwa mimi. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi jikoni kwa mama, nikatulia kama chungu. Kwenda sokoni kwangu ilikuwa safari, naanza kuifikiria tangu jana yake. Kazi yangu ya maana ilikuwa kusoma na kuandika barua zote za ukoo.

Mtu wetu wa Dar alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi, muuza mitumba. Kwetu mtoto wa shangazi ni mtani wako tangu unazaliwa, na mtani hakasirikiwi. Barua zake niliwasomea watu baada ya kula, na matusi ya kunitania mimi humo humo: mke wangu Mama Mafiga hajambo, au ameshaota mizizi? Baba anacheka, shangazi anacheka, mimi msomaji nacheka pia, kisha najibu ukurasa mzima juu ya masikio yake.

Halafu nikaposwa na mwalimu wa Mpitimbi, mtu mpole, asiyependa kutembea kama mimi. Nilishaanza kujiona kwenye baraza lake, tumekaa wawili, hatuendi popote. Binamu aliposikia, akawaandikia wakwe zangu barua ya pongezi. Aliwaambia wamepata hazina: naamka kuku wakishataga, ugali naula sufuriani nikiwa nimesimama, na mgeni akibisha hodi naingia chini ya kitanda. Hilo la mwisho lilikuwa na ukweli kidogo.

Baba wa mwalimu, katekista, aliisoma barua mbele ya wazee kwa sauti ile ile ya kusomea waraka kanisani. Hakucheka mtu. Mshenga wao alikuja kwetu, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema Mpitimbi utani wanaujua, ila utani una mahali pake.

"Wa mdomoni tunaucheka," alisema. "Karatasi ni ushahidi."

Uchumba ukaishia hapo. Mwalimu alioa baada ya mavuno. Binamu akaandika kwamba ameniokoa na vumbi la Mpitimbi, nimshukuru. Hiyo nayo niliisoma kwa sauti baada ya kula, bila kukwama hata neno moja. Kisha nikaanza kungoja. Mtu wa kukaa nyumbani hana haraka.

Nilingoja mpaka yeye mwenyewe alipopata mchumba, binti wa Maposeni aliyekutana naye huko huko mjini. Alimpenda kweli. Barua yake ile haikuwa na utani hata mstari mmoja, jambo ambalo si la kawaida yake. Alimwomba baba, mjomba wake, apeleke posa haraka kabla hajatangulia mwingine. Baba akasema, mimi nikaandika: salamu, ukoo, heshima, kijana wetu ni mchapakazi. Hapo kwenye mchapakazi nikaongeza kidogo, kwamba kijana yuko tayari kuja kulima shamba la wazazi wa binti kwa mikono yake, toka kupanda hadi palizi ya pili, kama walivyofanya babu zake.

Nilimsomea baba yote. Alivua miwani, akanitazama.

"Amekubali hayo?"

"Ni mtani wangu, baba. Hawezi kukataa."

Baba akavaa miwani, akatia sahihi.

Maposeni walifurahi mno. Serikali ilikuwa imeondoa ruzuku ya mbolea, pesa ya vibarua ikaishia kwenye mbolea, na mzee wa binti alikuwa akitafuta mikono kila kona. Binamu alikuja mvua za kwanza, viatu vimeng'aa, shati limenyooshwa, akidhani amekuja kutambulishwa. Akapewa jembe. Alipojaribu kueleza kuwa pale pana utani wa nyumbani, mzee akaileta barua na kumwonyesha sahihi ya mjomba wake. Alimwambia taratibu tu: asipolima, binti hatoki.

Basi mimi, niliyekuwa naogopa hata soko, nikapanda gari hadi Maposeni kumpelekea chakula. Nilimkuta katikati ya mahindi machanga, suruali ya mitumba imekunjwa magotini, viganja vimefungwa vitambaa.

"Umeniua, mke wangu."

"Utani tu, binamu."

"Utani hauandikwi."

"Mpitimbi hukulijua hilo?"

Akaegemea mpini. Akasema alidhani watacheka. Nikamwambia na mimi nilidhani hivyo hivyo juu yake. Akaomba niseme neno kwa mzee, apunguziwe angalau palizi ya pili. Malengelenge ya viganja yamepasuka, na duka lake mjini analikalia mtu asiyemwamini.

Nilijua mzee angenisikiliza. Alikuwa ameshaniita mwanangu, na mkewe alishanikaribisha kiti kivulini. Nikaenda nikakaa kwenye kile kiti. Nilikaa vizuri, maana kukaa ndicho kipaji changu. Binamu alinitazama akingoja nifungue mdomo.

"Rudi kule nyuma," nikamwambia. "Kuna magugu umeyaruka."